Kutambuliwa Si Kuumbwa: Funzo Kutoka kwa Wapaiute wa Marekani



Leo naomba tusafiri mbali kidogo. Twende Marekani, lakini si ile ya New York wala Hollywood. Twende jangwani, kwa watu wanaoitwa Wapaiute. Jina lenyewe hutamkwa "Payuti".

Nataka tulitazame swali moja tu. Serikali inapokutambua, inakupa nini hasa? Na inapokataa kukutambua, inakunyima nini? Swali linaonekana jepesi. Si jepesi hata kidogo.

Tarehe 1 Septemba 1954, Rais Eisenhower wa Marekani alitia sahihi sheria iliyosema kwamba vikundi vinne vya Wapaiute wa jimbo la Utah havitakuwa tena na uhusiano wowote maalum na serikali kuu. Hakuna risasi iliyopigwa siku hiyo. Hakuna nyumba iliyochomwa. Lakini watu kama 230 walipewa notisi kwamba, kwenye vitabu vya serikali, kabila lao limekwisha. Kisha tarehe 3 Aprili 1980, Rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria nyingine: wamerudi, ni kabila tena.

Sasa niwaulize. Hiyo miaka karibu 26 ya katikati, hawa watu walikuwa nani? Walilala Wapaiute wakaamka si Wapaiute? Bibi aliyekuwa akiwasimulia wajukuu wake hadithi kwa Kipaiute, lugha ilimtoka mdomoni siku ile rais aliposhika kalamu? Shikeni swali hilo, tutatembea nalo.

Kwanza tuwajue ni kina nani. Kuna Wapaiute wa Kaskazini na Wapaiute wa Kusini. Lugha zao zina undugu, lakini si lugha moja. Nchi yao ni pana: Oregon, Nevada, upande wa mashariki wa California, kusini mwa Utah na kaskazini mwa Arizona. Ni nchi kavu, mvua haba. Kwa hiyo watu waliishi kwa vikundi vidogo vidogo, kila kikundi na maji yake: huyu chemchemi, yule mto, wale ziwa. Walivuna kokwa za misonobari milimani, waliwinda sungura kwa nyavu ndefu, na baadhi ya wale wa kusini walilima mahindi na maboga kandokando ya mito. Hawakuwa na mfalme mmoja juu ya wote. Liwekeni hilo akilini, maana sheria ya Marekani hupenda kabila lenye uongozi unaoonekana kwenye karatasi.

Mateso yao hayakuanza 1954. Wafanyabiashara ya watumwa walikuwa wakiteka watoto na wanawake wa Wapaiute wa Kusini na kwenda kuwauza New Mexico na California. Halafu mwaka 1847 Wamormoni wakafika Utah, na katika miaka ya 1850 wakashuka kusini, wakafanya makazi kwenye mito ile ile ambayo Wapaiute walikuwa wakiitegemea. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule mgeni alikuja, mwenyeji akaugua. Magonjwa yaliingia, malisho yakaliwa na ng'ombe wa walowezi, na mwenyeji akawa kibarua katika nchi yake.

Haya, sasa tuingie kwenye sheria. Tafadhali msisinzie hapa, hapa ndipo penye mzizi.

Marekani ina makabila zaidi ya 570 yanayotambuliwa na serikali kuu. Kutambuliwa huko si cheti cha utamaduni, si ruhusa ya kucheza ngoma kwenye sikukuu. Ni uhusiano wa serikali na serikali. Kabila linalotambuliwa lina baraza lake, linaweza kuwa na mahakama yake na polisi wake, linaweza kutoza kodi katika ardhi yake, na ndilo linaloamua nani ni mwanachama wake. Serikali ya jimbo, kwa mambo mengi, haina kauli ndani ya ardhi hiyo. Ardhi yenyewe mara nyingi huwa chini ya udhamini wa serikali kuu, yaani haiuzwi ovyo wala haitozwi kodi ya jimbo. Wazee wetu walizoea kuiita ardhi ya namna hiyo "rizavu", eneo lililotengewa wenyeji. Na juu ya hayo kuna huduma: zahanati, shule, nyumba, zinazotokana na ahadi ambazo serikali ilizitoa ilipokuwa inachukua nchi.

Mamlaka haya yalitoka wapi? Mwaka 1831 na 1832, Jaji Mkuu John Marshall alitoa hukumu mbili kuhusu kabila la Cherokee. Alisema makabila haya ni mataifa, yalikuwa yakijitawala kabla Marekani haijazaliwa, na sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu ndani ya nchi ya Cherokee. Maneno mazito hayo! Lakini jaji huyo huyo alisema pia kwamba ni mataifa "ya ndani" na "yanayotegemea", na kwamba uhusiano wao na Marekani unafanana na ule wa mtoto na mlezi wake. Na mapema zaidi, mwaka 1823, aliamua kwamba kwa kuwa Wazungu "waliigundua" nchi, wenyeji wamebaki na haki ya kuikalia tu, si haki kamili ya kuimiliki.

Mnaona mtego ulipo? Kwa mkono mmoja unaambiwa: wewe ni taifa. Kwa mkono wa pili: mimi ni mlezi wako. Baadaye, mwaka 1903, Mahakama ya Juu ikasema Bunge la Marekani lina uwezo mpana mno juu ya makabila, hata wa kuvunja mkataba lililoutia sahihi lenyewe. Kwa hiyo kujitawala kwao ni kwa kweli, kuna mizizi ya kale, lakini juu yake kuna Bunge lenye shoka. Na 1954 shoka lilianguka kwa Wapaiute wa Utah.

Miaka ile Washington ilikuwa na sera mpya. Mwaka 1953 Bunge lilipitisha azimio kwamba makabila yaondolewe kwenye ulinzi wa serikali kuu haraka iwezekanavyo, ili wenyeji wawe "sawa na raia wengine". Aliyeisukuma sera hiyo kuliko wote alikuwa seneta Arthur Watkins, na alitoka Utah. Yeye aliiita uhuru. Sikilizeni vizuri, vijana, maana maneno matamu ndiyo hatari. Hakusema "tunawanyang'anya." Alisema "tunawaweka huru."

Basi tuipime hiyo sawa na uhuru waliyoahidiwa. Wenyeji wa asili wote walipewa uraia wa Marekani mwaka 1924. Lakini katika jimbo la Utah, jimbo la seneta huyo, mwenyeji aliyeishi rizavu alinyimwa kura mpaka 1957, wakati sheria iliyowazuia ilipofutwa. Yaani wanafutiwa kabila ili wawe raia sawa, katika jimbo ambalo mwenyeji wa rizavu hana hata kura. Wacha niirudie? Sidhani kuna haja.

Na je, walikuwa tayari? Mwaka 1947 Bunge liliiuliza idara inayoshughulikia wenyeji ni makabila gani yanaweza kujitegemea. Idara ikaweka vipimo vinne: watu wamezoea maisha ya Kizungu kiasi gani, wana mali ya kutosha, wao wenyewe wanataka, na jimbo liko tayari kuwahudumia. Wapaiute wa Utah hawakuwa kwenye orodha ya walio tayari. Walikuwa miongoni mwa watu maskini zaidi katika jimbo. Wengi walikuwa vibarua wa mashambani, elimu ya shule ilikuwa haba, na wengine walihitaji mkalimani kuielewa sheria iliyokuwa inawahusu. Wakafutwa hivyo hivyo.

Nini kikafuata? Ukomeshaji ulikamilika mwaka 1957. Ardhi ya vikundi vitatu kati ya vinne ikawekwa mikononi mwa benki moja ya Salt Lake City, mji ulio mbali nao kwa mamia ya kilomita. Wao ndio wenye ardhi, lakini wa kuiamulia yuko ofisini huko mbali. Kodi zikaanza kudaiwa, na mtu asiye na mshahara wa uhakika atalipa kodi ya ardhi kwa nini? Ardhi ya kikundi cha Indian Peaks ikauzwa, ikaishia kwa idara ya jimbo ya wanyama na samaki. Kikundi cha Shivwits kilifanikiwa kuishikilia ardhi yake, lakini kwa kuikodisha kwa wafugaji. Kwa jumla, vikundi hivi vilipoteza karibu ekari 15,000.

Na huduma za afya zikakatwa. Hapa nazungumza taratibu. Kabila lenyewe, katika kuieleza historia yake, linasema kwamba kati ya 1954 na 1980 karibu nusu ya watu wake walikufa, kwa sehemu kubwa kwa kukosa huduma za msingi za afya. Karibu nusu. Ndiyo maana nasema hakuna risasi iliyopigwa, lakini msinielewe vibaya mkadhani hakuna aliyekufa. Karatasi inaua pia. Inaua polepole, na haiachi alama ya damu.

Kuna kisa kimoja ndani ya kisa hiki. Kilikuwepo kikundi cha tano, cha mji wa Cedar City. Hawa hawakuwa na rizavu. Waliishi kwenye kiwanja cha kanisa la Mormoni pembeni ya mji. Kwa kuwa hawakuwa na rizavu, sheria ya 1954 haikuwataja kabisa. Kisheria hawakufutwa. Lakini maofisa wakawahesabu kuwa wamefutwa, na huduma zikakatwa vile vile. Mtu hata jina lake halimo kwenye hukumu, lakini kifungo anakitumikia. Na ilipofika 1980, sheria ya kuwarudisha ikabidi itumie maneno ya kuzungukazunguka: kwa vile vikundi vinne uhusiano "unarejeshwa", na kwa Cedar City "unarejeshwa au unathibitishwa". Hata Bunge halikuwa na hakika lilikuwa limewafanyia nini.

Turudi sasa kwenye swali letu. Miaka hiyo, walikuwa nani?

Walikuwa Wapaiute. Walizikana. Waliozana. Walikaa pamoja, wakalia msiba pamoja, wakafundishana nyimbo za kusindikiza maiti. Na walifanya jambo jingine ambalo nataka mlikumbuke: waliendelea kudai. Kulikuwa na tume maalum ya madai ya wenyeji, na Wapaiute wa Kusini wote walikuwa wamewasilisha dai la nchi waliyonyang'anywa, karibu ekari milioni 30. Mwaka 1965 waliamuliwa kulipwa zaidi ya dola milioni 7. Pigeni hesabu: haifiki senti 30 kwa ekari moja. Hela ya dhihaka. Lakini ndani ya dhihaka hiyo mlikuwa na kitu. Ili kuwalipa, ilibidi serikali iandike orodha ya majina, ikiri kwamba kuna watu wanaoitwa Wapaiute wanaostahili kulipwa. Serikali ile ile iliyosema hawapo.

Upepo nao ukabadilika Washington. Mwaka 1970 Rais Nixon aliliambia Bunge kwamba sera ya kukomesha makabila ilikuwa kosa. Mwaka 1973 kabila la Menominee la Wisconsin likarejeshwa, na mlango ukaonekana. Katika miaka ya 1970 Wapaiute wa Utah wakajiandaa: wakaunganisha vikundi vyao vitano chini ya jina moja, wakatafuta mawakili, wakaenda Bungeni kutoa ushahidi. Mwaka 1980 wakarudishwa. Lakini ardhi haikurudi siku hiyo. Sheria iliruhusu watafutiwe hadi ekari 15,000. Mwaka 1984 walipewa ekari 4,770 na mfuko wa dola milioni 2.5. Kila mwaka bado wanakusanyika Cedar City kusherehekea kurejeshwa kwao. Wanasherehekea, lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa mtauliza: kwani lazima upitie Bungeni? Kwa aliyefutwa na Bunge, ndiyo. Tangu 1978 serikali kuu ina njia nyingine ya kiofisi kwa makabila ambayo hayakuwahi kuandikwa. Ina masharti 7. Uthibitishe kwamba mmekuwa mkijulikana kama watu wa kabila mwaka hadi mwaka, kwamba ni jamii moja hadi leo, kwamba mmekuwa na uongozi wenu bila kukatika, kwamba mna katiba au maelezo ya jinsi mnavyojitawala, kwamba mmetokana na kabila la kale, kwamba si wanachama wa kabila jingine, na kwamba Bunge halikuwafuta. Hilo la mwisho ndilo linalomfungia mlango aliyefutwa.

Someni masharti hayo kwa macho ya mtu wa jangwani. Unaambiwa ulete karatasi za miaka mia moja. Nani alikuwa akiandika karatasi miaka hiyo? Ofisa wa serikali, padri, mlowezi. Yaani shahidi wa kwamba upo ni yule aliyekuwa hataki kukuona.

Na bado wapo waliovuka. Wapaiute wa San Juan, kaskazini mwa Arizona, nchi yao ilikuwa imemezwa ndani ya rizavu kubwa ya Navajo. Kwa miongo serikali iliwahesabu kana kwamba ni Wanavajo. Wakapitia njia hiyo ya masharti 7, na mwaka 1990 wakatambuliwa. Mwaka 2000 wakatia sahihi mkataba na Navajo wenyewe, wakubaliane wapewe kama ekari 5,400. Jirani na jirani wameelewana! Lakini mkataba ulihitaji idhini ya Bunge, na miaka zaidi ya 20 ikapita idhini haijatoka. Wametambuliwa, hawana kiwanja. Kipande unacho mfukoni, nyumba huna.

Kaskazini, Oregon, kuna Wapaiute wa Burns. Mwaka 1872 walitengewa rizavu ya Malheur, zaidi ya ekari milioni 1.5. Mwaka 1878 vita vikazuka katika eneo lile, na ingawa wengi wao hawakushiriki, mwanzoni mwa 1879, katikati ya baridi kali na theluji, watu zaidi ya 500 wakaswagwa kwenda Yakama, mbali kaskazini. Mwanamke wa Kipaiute aitwaye Sarah Winnemucca alikwenda hadi Washington mwaka 1880 kuwatetea, akarudi na barua ya waziri inayowaruhusu kurudi kwao. Ofisa wa Yakama akakataa kuwaachia. Barua ya waziri mkononi, na mlinda lango anasema hapana. Mwaka 1883 mama huyo akachapisha kitabu juu ya maisha ya watu wake, kitabu ambacho bado kinasomwa. Rizavu yao ikagawiwa walowezi. Wachache waliorudi kidogo kidogo walitambuliwa kama kabila mwaka 1968, na 1972 wakapata rizavu isiyofika ekari 800.

Halafu Januari 2016 watu wenye bunduki wakaivamia hifadhi ya wanyama ya Malheur, kwenye nchi ile ile, wakakaa siku 41. Walisema serikali irudishe ardhi kwa wenyewe, wakimaanisha wafugaji. Mwenyekiti wa kabila wakati huo, Charlotte Rodrique, akajitokeza mbele ya waandishi wa habari na kusema kwamba watu wake walikuwa pale kabla ya wafugaji wote hao. Na angalieni tofauti ya kuwa na karatasi: hakuongea kama bibi mmoja mwenye malalamiko. Aliongea kama kiongozi wa serikali inayotambuliwa, na vyombo vya habari vikamsikiliza.

Lakini ndugu zangu, msiondoke hapa mkidhani ukishatambuliwa basi umepumzika. Nawapa mfano wa mwisho, Ziwa Pyramid, Nevada. Wapaiute wa huko hawakuwahi kufutwa. Nchi yao ilitengwa tangu 1859 na kuthibitishwa kwa amri ya rais mwaka 1874. Ziwa ni lao. Jina lao la asili linatokana na samaki wao, anayeitwa cui-ui, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Karatasi zote wanazo. Mwaka 1905 serikali kuu ikajenga bwawa la Derby juu ya Mto Truckee, mto unaolisha ziwa hilo, na kuyageuza maji kwenda kwenye mashamba ya walowezi. Ziwa likashuka futi kama 80. Ziwa jirani, Winnemucca, likakauka kabisa. Samaki wao mkubwa, trauti wa Lahontan, akatoweka ziwani.

Walipokwenda mahakamani kudai maji ya samaki, mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikawaambia: jambo hili lilikwisha kuamuliwa mwaka 1944. Na nani aliwawakilisha 1944? Serikali kuu, mlezi wao. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inawakilisha mradi wa mashamba katika kesi hiyo hiyo. Sisi tunajua maana ya amana. Ukiwekewa mali ya mtu, huwezi kuwa wakili wake na wakili wa anayeitaka mali hiyo. Hata hivyo hawakukata tamaa. Wakatumia sheria za kulinda viumbe vilivyo hatarini, wakasimamia samaki wao wenyewe, na mwaka 1990 Bunge likapitisha sheria ya maridhiano juu ya maji ya mto huo. Cui-ui yupo. Na trauti wa ukoo ule ule aligunduliwa akiishi kwenye kijito cha mlimani mpakani mwa Utah, akazalishwa, akarudishwa ziwani.

Basi tunabeba nini? Nasema matatu.

La kwanza: kutambuliwa si kuumbwa. Serikali haikuwaumba Wapaiute mwaka 1980, kama ambavyo haikuweza kuwamaliza 1954. Kinachowafanya watu wawe watu ni yale wanayoyafanya bila kuomba ruhusa: lugha, maziko, ndoa, kumbukumbu. Karatasi inafuata, haitangulii.

La pili: pamoja na hayo, usiidharau karatasi. Anayekwambia "utambulisho uko moyoni, mambo ya serikali waachie wenyewe", mwambie ahesabu makaburi ya miaka ile 26. Moyo hauna zahanati. Anayepigania sheria, rejista, ramani na kumbukumbu za mikutano anapigania uhai. Na waliohifadhi kumbukumbu ndio waliorudi.

La tatu: mamlaka hata yakiwa yako yanahitaji uadilifu. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mama mmoja wa kabila la Santa Clara aliyekatazwa kuwaandikisha watoto wake kwa sababu baba yao alitoka nje, kwamba kabila lina haki ya kuamua, na mahakama za serikali kuu haziingilii. Ni ushindi wa kujitawala. Lakini watoto wale waliumia. Aliyewahi kufutwa na mwingine awe wa mwisho kumfuta ndugu yake.

Na kabla hatujawahukumu Wamarekani peke yao, tujue na sisi tulisimama wapi. Tarehe 13 Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipiga kura juu ya azimio la haki za watu wa asili. Nchi 144 zilikubali. Nne zilikataa, na Marekani ilikuwa moja wapo. Ikaja kuliunga mkono mwaka 2010. Nchi 11 hazikuegemea upande wowote. Kenya yetu ilikuwa miongoni mwa hizo 11. Hilo nawaachia mlitafakari wenyewe. Ulizeni kwa nini, na muulize kama msimamo huo umebadilika.

Mwenye swali anyooshe mkono, na mwenye kusoma baadaye aliandike.